Shangazi Alikufa kwa Kifua

Siku ya tatu ya kuota jua, Klaudia alimgeuza binti yake pamoja na kahawa. Alianza na kahawa. Aliipitisha reki ya mbao kutoka mwanzo wa turubai hadi mwisho wake, maganda yakachakarika, kisha akaja kwenye mkeka alipolala Dativa na kumgusa bega.

"Geuka, mwanangu. Upande huu umeshapata."

Dativa alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mke wa mtu na mama wa mtoto wa miaka minne, lakini aligeuka bila ubishi.

"Mama, mimi si kahawa."

"Kahawa ingekuwa imenyamaza," alijibu Klaudia, akamvutia kitenge mgongoni ili mabega yabaki wazi.

Mambo yalianzia Bukoba mjini, ambako Dativa aliishi na mumewe Isaac, mtaa wa Hamugembe, akishona nguo katika chumba cha nyuma ya duka la vitambaa tangu asubuhi mpaka jioni. Siku moja akijipaka mafuta aligusa kijivimbe kwenye titi la kulia. Alikwenda hospitali, wakachukua kinyama kidogo wakakipima, majibu yakarudi kwamba ni saratani, ingawa bado changa. Daktari aliyempokea, Daktari Georgina, alimpangia upasuaji Alhamisi ya wiki ya tatu tangu siku hiyo. Vipimo vya damu vilionyesha pia kwamba vitamini D yake iko chini mno. Daktari akamwandikia vidonge, akamwambia aote jua, ale samaki na mayai. Akasema wataalamu wanaendelea kuchunguza kama upungufu huo, ukikutana na vinasaba fulani ambavyo mtu huvirithi, unaweza kuchangia ugonjwa kama wake. Wanachunguza, alisema mara mbili, hawajamaliza. Klaudia alikuwa amekaa pembeni, ameukumbatia mkoba wa binti yake kwa mikono miwili. Katika maneno yote hayo alibeba moja tu, nalo ni jua.

Basi akamchukua binti yake akampeleka nyumbani Kamachumu, wilaya ya Muleba, kwenye uwanja uliokuwa umetandazwa kahawa ya msimu. Kisa cha haraka yote ile alikijua mwenyewe. Miaka saba nyuma, Dativa alipokuwa omugole, yaani bibi harusi, ni yeye Klaudia aliyemfungia ndani miezi miwili asiguswe na jua, akimnywesha uji na maziwa, ili atoke mweupe na mnene kama walivyotolewa bibi zake. Wenzake walikuwa wameshaiacha desturi hiyo, na Dativa mwenyewe alilia kwamba amechoka kukaa kama viazi vya mbegu. Klaudia alishikilia. Siku ya harusi watu walisema hawajawahi kuona omugole anayeng'aa vile, naye akafurahi, na sasa furaha ile ilikuwa inamwasha.

Upande wa samaki kulikuwa na kikwazo, na kikwazo chenyewe kilikuwa mumewe, Ta Anatory, yaani Mzee Anatory. Siku ile majibu yalipotoka, muuguzi mmoja aitwaye Yasmin alimpigia simu, akasema kwa adabu kwamba binti yake ana saratani ya ziwa, lakini imewahiwa. Anatory ziwa alilolijua ni moja, lile analoliona kutoka ukingo wa mlima siku isiyo na ukungu. Palepale akapiga marufuku sato, sangara na dagaa ndani ya nyumba yake. Siku nne nzima wakala ndizi kwa maharage. Ilibidi katekista aje kumweleza, huku akitazama pembeni kwa haya, kwamba ziwa lililotajwa ni lile la mwanamke. Anatory akauliza ni kwa nini basi serikali yote hii haikutafuta neno jingine.

Dativa aliyacheka hayo, na kwa kweli alikuwa amekuja kucheka. Mwilini hakuwa na maumivu yoyote, ila akili yake haikulala. Na kule kuguswaguswa na mama yake, kupakwa mafuta kisogoni, kuulizwa kila saa kama anataka chai, hakuwa amekupata tangu akiwa mdogo. Alijua jua halitayeyusha uvimbe. Hakutaka kumwambia mama yake.

Kitu kimoja alikuwa amekuja kukitafuta. Ndani ya mkoba alikuwa na fomu ya daktari, yenye mistari ya ndugu wa upande wa mama na wa upande wa baba. Daktari Georgina alikuwa amemweleza vizuri. Kama katika ukoo hakuna mwingine aliyeugua, ataondoa uvimbe tu, mambo yaishe. Kama wapo, na hasa kama walikufa wangali vijana, basi ugonjwa huenda ni wa kurithi. Hapo upasuaji unakuwa mwingine, na titi la pili nalo ni lazima lichunguzwe kwa mashine kabla ya kisu chochote. "Waulize wazee," alimwambia. "Nisipojua, nitakata gizani."

Upande wa mama ulijazwa haraka, maana Klaudia aliwataja dada zake wote na wote walikuwa hai wakimsengenya. Ukabaki upande wa baba. Anatory alikuwa anapita na debe la kahawa begani, Dativa akamsimamisha.

"Tata, shangazi Ephrasia alikufa na nini?"

Anatory alishusha debe. "Kifua."

"Na yule shangazi yako, bibi Immakulata?"

"Naye kifua."

"Wote wawili?"

"Ukoo wetu una mapafu mabovu," alisema Anatory, akalipandisha debe begani na kuondoka, ingawa alikokuwa anakwenda hakukuwa na turubai.

Dativa akaandika kwenye mstari wa kwanza, kifua kikuu. Kwenye mstari wa pili akaandika hivyo hivyo. Nani angeandika vingine? Mtu akisema fulani amekufa kwa kifua, kila mmoja husikia kikohozi.

Wala Anatory hakuwa amesema uongo. Ndiyo maana neno lile lilidumu miaka thelathini na mitatu bila kutoboka. Dada yake Ephrasia alirudishwa kutoka kwa mumewe, huko Izimbya, akiwa na kidonda kwenye titi kilichofunikwa kwa kitambaa na kubadilishwa mara tatu kwa siku, akafia chumba cha nyuma akiwa na miaka thelathini na minne. Kabla yake, shangazi yao Immakulata alikwenda kwa njia hiyo hiyo. Baada ya maziko wazee wa ukoo waliketi. Walisema kitu hiki kinakula mabinti zetu, hakiwagusi wanawake tunaowaoa. Kikijulikana, hakuna atakayekanyaga hapa kuposa. Semeni kifua. Anatory alikuwa na miaka ishirini na tisa, hajaoa, hana binti, akatikisa kichwa kukubali. Ni rahisi kukubali jambo ambalo bado halijakuzalia mtoto.

*

Jumamosi mama yake Isaac alikuja. Bi Kokubanza alikuwa Mlutheri wa kwaya, mwenye sauti iliyozoea kusikika bila kipaza sauti, na alikuja na mwanawe, kilo mbili za sukari na mkate umefungwa kwenye gazeti. Klaudia alimkaribisha kwa Kihaya, kwa heshima zote. "Nyegera waitu, Ma Kokubanza, nyegera." Akapiga magoti kumsalimu, akamletea kikapu kidogo cha buni za kutafuna. Wakauliza habari za mvua na za mjukuu aliyeachwa kwa jirani, kisha mgeni akakiweka kikapu kando.

"Sikuja kugombana," alisema Bi Kokubanza. "Nimekuja kuuliza, maana kuuliza si ujinga. Tulipokuja kuposa hapa, tuliuliza kama kuna ugonjwa katika nyumba. Kifafa, ukoma, wazimu. Mlituambia hakuna."

"Hakuna, waitu," alisema Klaudia.

"Sasa daktari anasema maradhi haya yanarithiwa. Mimi sikusoma sana, lakini najua ziwa si ndevu. Mtoto wa kike ziwa analirithi kwa nani? Kwa baba yake?" Alicheka kidogo, na hakuna aliyemsindikiza. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mjukuu wangu ni wa kike, Ma Klaudia. Nimelala siku ngapi simfikirii yeye?"

"Mama, inatosha," alisema Isaac.

"Sijamtukana mtu."

Na kweli hakuwa amemtukana mtu. Alikuwa na hofu, na hofu ya mtu mwenye sauti kubwa huonekana kama ukali. Lakini Klaudia aliipokea yote kama haki yake. Aliteremka tena kwenye magoti, safari hii si kwa salamu.

"Kwetu sijasikia," alisema. "Nawajua dada zangu wote. Lakini mama yangu alikufa kwa uzazi nikiwa na miaka sita. Huenda alikuwa nalo sikuambiwa. Kama limetoka kwangu, Ma Kokubanza, naomba mnisamehe. Nilimnyonyesha bila kujua."

Anatory alikuwa kwenye kiti chake cha mkono, anatafuna buni. Angeweza kusema hapo. Mkewe, aliyeishi naye miaka thelathini na miwili, alikuwa amepiga magoti sakafuni akiomba radhi kwa kosa la ukoo wa mumewe, mbele ya wakwe, na neno la kumwinua lilikuwa mdomoni mwa Anatory pamoja na ile buni. Alivimeza vyote viwili. Tumwiteje mtu wa namna hiyo? Mwoga ndilo jina lake, na yeye mwenyewe alijiita hivyo, kwa Kihaya, moyoni, akiyatazama magoti ya mkewe.

Isaac alitoka nje. Alikuwa seremala, kijana wa maneno machache, na aliona aibu ya mama yake na ya mama mkwe wake kwa pamoja. Alimkuta Dativa juani, akaketi kwenye ukingo wa mkeka.

"Umesikia?"

"Mama yako hata Kashozi wamemsikia."

"Nisamehe."

"Lala hapa," Dativa alimwambia. "Tunageuzwa saa nane."

Akalala. Klaudia alipotoka na reki yake, macho yamevimba, aliwakuta wote wawili wamelala kifudifudi kando ya kahawa, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

*

Jumanne asubuhi Klaudia alimfuata mumewe kibanjani. Anatory alikuwa anakata majani makavu ya migomba, akiyaangusha moja moja bila haraka.

"Baba Dativa, nimegusa leo. Kimelainika."

"Kimelainika?"

"Kimelainika na kimepungua. Jua linafanya kazi. Nimeamua Alhamisi asiende. Tumpe jua mwezi mzima na samaki, halafu tutaona." Aliongea haraka, kama mtu aliyefanya mazoezi njiani. "Mimi ndiye niliyemfungia ndani, na mimi ndiye niliyemnyonyesha. Nimemharibu mwenyewe, niache nimponye mwenyewe. Kwa nini akakatwe mtoto wa watu kwa makosa yangu?"

Anatory alisimama na kisu mkononi. Alitazama uso wa mkewe, uliochomwa na jua kuliko hata wa Dativa, maana anayemgeuza mgonjwa juani naye yuko juani. Aliona kwamba uongo wake sasa umepata miguu. Ulikuwa umefika mahali pa kumnyima binti yake daktari.

"Ataenda," alisema.

"Baba Dativa..."

"Ataenda. Kesho, kama daktari alivyopanga, wamwandae. Na mimi naenda."

Klaudia akashangaa. Katika ndoa yao alijifungua mara tano, na mara zote tano mumewe aliishia kwenye kituo cha magari. "Wewe? Uende kufanya nini?"

"Kwenda tu," alisema Anatory, akarudi kwenye majani yake.

*

Chumba cha Daktari Georgina kilikuwa na viti vitatu. Dativa alikaa kimoja, Klaudia kimoja, cha tatu wakampa Anatory, na Isaac akasimama mlangoni. Daktari aliwasalimu kwa Kihaya, mmoja mmoja, akawauliza habari za kahawa.

Klaudia ndiye aliyeanza. "Daktari, mwanangu ameota jua siku kumi na moja. Mshike uone. Mimi naona kimelainika."

Daktari alimpima Dativa nyuma ya pazia. Alipotoka hakwenda kwenye kiti chake. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, karibu na Klaudia.

"Mama, jua ulilompa ni zuri. Mifupa yake itakushukuru, na vidonge aendelee navyo. Lakini uvimbe uko vilevile, na jua haliwezi kuutoa. Hata ile habari kwamba upungufu wa vitamini unachangia, bado tunaichunguza. Wako wanaofanya kazi juani maisha yao yote na wanaugua."

"Nilimfungia ndani miezi miwili," alisema Klaudia kwa sauti ndogo. "Alipokuwa omugole."

"Hata mimi nilifungiwa," alisema daktari. "Mama yangu alikuwa mkali kuliko wewe. Miezi miwili ya miaka saba iliyopita haikumpa mwanao saratani. Nakuomba hilo ulitue leo, hapa hapa."

Klaudia aliitikia kwa kichwa, lakini mkoba hakuuachia. Daktari alirudi mezani akachukua fomu. Akasoma kimya kimya, kalamu ikishuka mstari kwa mstari. Upande wa mama, hakuna. Upande wa baba, shangazi, kifua kikuu. Shangazi wa baba, kifua kikuu.

"Vizuri," alisema. "Kwa hiyo hatuoni dalili ya kurithi. Kesho nitaondoa uvimbe peke yake, titi litabaki. Hili la kushoto halina shida, tutaliacha." Akafungua kofia ya kalamu ili asaini.

"Daktari," alisema Anatory.

Wote wakamgeukia. Tangu waingie alikuwa hajafungua mdomo.

"Hicho kifua si kikuu."

"Ni kipi, baba?"

Anatory aliinua mkono akauweka juu ya shati lake, upande wa kushoto, chini ya mfuko. "Ni hiki," alisema. "Dada yangu Ephrasia lilimtoboka. Shangazi yangu naye hivyo hivyo. Tulisema kifua kwa sababu ya aibu."

Kalamu ilibaki hewani. "Walikuwa na umri gani?"

"Ephrasia thelathini na nne. Shangazi sijui, lakini mtoto wake wa mwisho alikuwa bado ananyonya."

Daktari akaifuta ile mistari miwili, akaandika upya, taratibu. "Watu wengi hawajui," alisema bila kumtazama, "kwamba baba naye anaweza kumrithisha binti. Mwanamume anaweza kubeba bila kuugua, akampa mtoto."

"Mimi najua," alisema Anatory. "Wazee walijua kabla yenu. Walisema kinafuata mabinti wa ukoo, hakigusi wake." Mkono ulikuwa bado kifuani. "Kwetu mtoto akizaliwa tunasema ni wetu. Jina letu, ukoo wetu, mwiko wetu. Mama yake tunamwona mgeni tu aliyetuletea. Basi na hili ni letu. Mama yake halimhusu. Nilimwacha apige magoti mbele ya wakwe, na nilikuwa najua."

Klaudia alisimama. Aliuweka mkoba wa Dativa sakafuni, kwa mara ya kwanza tangu waingie mle, akapita mbele ya mumewe bila kumgusa, Isaac akampisha mlangoni, akatoka.

Dativa alimgeukia baba yake. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Tata. Ningekufa, na mimi ungesema kifua?"

Anatory akainamisha kichwa, mzee wa miaka sitini na miwili, akalia pale kwenye kiti, kwa sauti, bila kitambaa.

*

Upasuaji uliahirishwa. Titi la kushoto, ambalo hakuna aliyelishuku, lilipitishwa kwenye mashine, na ndani kabisa wakakuta kingine, kidogo kama punje ya ulezi. Daktari Georgina alisema kingekaa humo kikikua hata mwaka mzima bila mtu wa kukitafuta. Akamweleza Dativa njia zilizopo, akamwacha afikiri siku mbili. Dativa akachagua yaondolewe yote mawili. Alimwambia mumewe jioni hiyo, akiogopa kumtazama. Isaac akauliza ni miezi mingapi hataweza kuinua mikono juu. Kesho yake akateremsha makabati yote ya jikoni mpaka usawa wa kiuno.

Wazee walibaki Hamugembe, nyumbani kwa Dativa, wakingoja upasuaji. Klaudia alikuwa anaongea na kila mtu isipokuwa mumewe. Anatory akiwa ameketi hatua mbili kutoka kwake, Klaudia alimwambia Isaac, "Mwambie baba mkwe wako chai iko tayari." Isaac naye, masikini, akageuka na kusema, "Baba, chai iko tayari." Anatory alijibu, "Mwambie nashukuru." Watu wazima wale walikwenda hivyo siku baada ya siku, na hakuna aliyethubutu kucheka, ingawa Dativa alikaribia.

Bi Kokubanza alipokuja kumjulia hali mgonjwa, Anatory alimpokea mlangoni mwenyewe, hakumngoja akae. "Ma Kokubanza, uliuliza kama ziwa hurithiwa kwa baba. Hurithiwa. Limetoka kwangu, na nilijua siku ile." Bi Kokubanza, kwa mara moja katika maisha yake, alikosa sauti. Alimpita, akaenda jikoni alikokuwa Klaudia akimenya ndizi, akapiga magoti kwenye maganda yaleyale, akachukua kisu cha pili. Walimenya mpaka sufuria ikajaa. Kilichosemwa huko ni chao.

Jumanne Dativa alipasuliwa, akatoka salama. Alipozinduka aliuliza kama mtoto amekula.

*

Ijumaa ilikuwa siku ya kliniki ya matiti. Daktari Georgina alikuwa amesema ndugu wote wa damu waje kuchunguzwa, wanaume pia, kwa sababu hata mwanamume huweza kuugua, ingawa ni nadra. Ndugu walisema watakuja wakimaliza kahawa. Anatory alikuja.

Benchi la nje lilikuwa na wanawake kumi na wanne. Alipoketi mwishoni wakasogeleana, wakatazamana.

"Mzee, kliniki ya macho ni upande ule," alisema mmoja kwa upole.

"Sijapotea, mwanangu."

Klaudia alikuwa mwisho wa pili wa benchi hilo hilo. Alikuwa ametoka wodini na chupa tupu ya uji, na mtu angedhani amepumzika tu. Hakumtazama.

Muuguzi Yasmin alikuwa na meza yake palepale kwenye veranda, mbele ya wote, anajaza karatasi. Alimwita Anatory, akamwuliza jina, umri, kijiji. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida ya mtu aliyeuliza hivyo mara mia, "Kuna ndugu yeyote aliyewahi kuugua saratani ya titi?"

Anatory alihisi lile neno la zamani limekuja lenyewe ulimini, laini, tayari. Akaliacha lipite.

"Shangazi yangu, Immakulata," alisema. "Dada yangu, Ephrasia. Na binti yangu, Dativa, yuko wodini, anaendelea vizuri."

Aliwataja kwa sauti, wanawake wote wakasikia. Yule aliyemwelekeza kliniki ya macho akainamisha uso.

"Asante, baba," alisema Yasmin. "Vua shati, ujifunge hii, utaingia sasa hivi." Akampa kanga ya maua mekundu, kwa kuwa gauni za wagonjwa zilizokuwepo zilikuwa za wanawake tu.

Anatory alisimama. Kifungo cha kwanza kilifunguka. Cha pili kikafunguka. Cha tatu kilimshinda, akakihangaikia huku akijua kwamba wanawake kumi na wanne wanajitahidi kutazama kwingine. Aliona aibu sana, na aliogopa sana, na hakuketi.

Ndipo Klaudia akainuka. Alipita mbele ya benchi lote, akaweka chupa ya uji juu ya meza ya muuguzi, akaiondoa mikono ya mumewe na kuvifungua vifungo vilivyobaki mwenyewe, kimoja baada ya kingine. Akamvua shati, akalikunja, akamfunika mabega kwa ile kanga na kuikaza vizuri mbele.

"Simama wima," alimwambia. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake kwa siku tisa.

"Mama Dativa," alianza Anatory.

"Nyamaza kwanza." Alikuwa analia, na hakujificha. "Ukitoka humo ndani utaniambia huyo Ephrasia alikuwa mtu wa namna gani. Miaka thelathini na miwili nimepalilia kaburi lake, sijui hata kama alikuwa anapenda kucheka."